Jinsi ya Kuipata Rangi Halisi ya Kiwandani ya Pikipiki ya Kale ya Kiingereza

Kabla hujampelekea fundi rangi tangi la pikipiki yako ya kale, na kabla hujagusa msasa, liweke mezani ulitazame kwa siku mbili au tatu. Rangi ambayo utaisaka kwa miezi kwenye katalogi na kwenye maduka mara nyingi bado imo juu ya chuma hichohicho, chini ya rangi nyingine tatu au nne zilizopakwa na wamiliki waliofuata, na huangamizwa katika saa ya kwanza kabisa ya matengenezo, pale chuma kinapokwanguliwa chote kwa nia njema ya kuanza upya. Jambo hilo lilinipata kwa tangi la Ariel, pikipiki nyingine ya Kiingereza, ambalo nililipeleka kwenye karakana moja bila kutoa maelekezo ya kutosha, nao wakalisafisha kwa mchanga wa kompresa mpaka likang'aa. Kazi yao ilikuwa safi, lakini haikubaki hata chembe ya kuniambia tangi lile lilitoka kiwandani likiwa na sura gani, na ushahidi wa namna hiyo haurudi. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio mmoja: chuma kisomwe kwanza, karatasi zifuate, kopo la rangi liwe la mwisho.

Pikipiki za Kiingereza si nyingi katika mkoa wa Dodoma, lakini zipo. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza hadi Desemba 1961, na mabwana shamba, wamisionari na maofisa wa serikali walizitumia katika njia za vumbi kutoka kituo hadi kituo. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, nao uliingiza mitambo na magari mengi, sehemu yake yakiwa masalia ya vita. Ukiuliza kwa adabu kwa wazee wa Mpwapwa, Kongwa, Mvumi au Kondoa, huenda ukaonyeshwa BSA au Matchless iliyolala ghalani chini ya magunia. Mfano nitakaourudia ni BSA Bantam D1 niliyoikuta kwenye tembe karibu na Mpwapwa, ikiwa imepakwa rangi ya buluu ya milango ya nyumba. Mzee aliyenikabidhi aliniambia, "Mwanangu, hii imekuwa ya buluu tangu naijua," na alisema kweli. Ila alipoanza kuijua, ilikuwa tayari imeshapita mikononi mwa watu wawili.

Namba za injini na fremu

Hatua ya kwanza ni kujua kwa hakika ni pikipiki gani uliyo nayo na ilitengenezwa lini, kwa sababu viwanda vya Uingereza vilibadilisha rangi karibu kila msimu. Tafuta namba ya injini kwenye kizimba cha injini na namba ya fremu kwenye shingo ya fremu, uzisafishe kwa mafuta ya taa na mswaki laini. Usitumie brashi ya waya wala grainda, kwani maandishi yaliyogongwa kwa mkono miaka sabini iliyopita hufutika kwa urahisi. Ziandike kama zilivyo, pamoja na herufi zake, kisha uzipige picha zikiwa zimemulikwa na tochi kutoka ubavuni ili vivuli vionyeshe kila tarakimu. Kwenye Bantam D1 za miaka ya mwanzo, kwa mfano, herufi za mwanzo za injini ni YD na za fremu ni YD1. Ukikuta herufi tofauti, jua kwamba injini na fremu huenda havikuzaliwa pamoja, na rangi ya tangi inaweza kuwa imetoka kwenye pikipiki ya tatu.

Hapa watu wengi hukosea mwaka. Viwanda vya Birmingham, Coventry na kwingineko vilifunga kwa likizo mwezi Agosti, na baada ya hapo vilianza kutengeneza pikipiki za msimu unaofuata, ambazo zilionyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya Earls Court jijini London mwezi Novemba. Pikipiki iliyotoka kiwandani Oktoba 1958 ni ya msimu wa 1959, na inapaswa kuvaa rangi za 1959. Kwa Triumph na BSA za tangu msimu wa 1969, namba yenyewe inakupa jibu, kwa kuwa huanza na herufi mbili, ya kwanza ikiwa ya mwezi na ya pili ikiwa ya msimu. Miezi kuanzia Januari hadi Desemba ni A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P na X. Misimu ni C kwa 1969, D kwa 1970, E kwa 1971, G kwa 1972 na H kwa 1973. Namba inayoanza na PD basi ni ya Novemba 1969, lakini rangi yake ni ya msimu wa 1970.

Hata ndani ya msimu mmoja mambo yaliweza kubadilika. Triumph Bonneville T120 ilipotoka kwa mara ya kwanza kwa msimu wa 1959, ilivaa rangi ya chungwa waliyoiita Tangerine pamoja na kijivu kilichoitwa Pearl Grey. Wanunuzi wengi hawakuipenda, na kabla msimu haujaisha chungwa liliondolewa na kuwekwa buluu. Mtu anayetengeneza Bonneville ya mwaka huo kwa kufuata mwaka peke yake anaweza kuwa sahihi au kukosea kabisa, na kitakachoamua ni namba pamoja na chembe za rangi zilizobaki kwenye chuma.

Mahali rangi inapojificha

Jua la Dodoma ni kali karibu mwaka mzima, na upepo wa kiangazi hubeba vumbi jekundu linalosugua kila kitu, kwa hiyo usitarajie kupata rangi ya kweli juu ya tangi au juu ya madigadi. Tafuta penye giza. Fungua nembo za tangi na raba za magoti utazame nyuma yake. Lishushe tangi na ukague upande wake wa chini, hasa pale lilipokalia fremu. Vua kiti, fungua kifuniko cha boksi la vifaa, ondoa kibao cha namba, legeza vibanio vya waya na bano la honi, na ukague vifuniko vya fokopu pale vinapoingia chini ya kichwa cha usukani. Kwenye Bantam yangu rangi safi kuliko zote ilikuwa chini ya bano la honi, mstari mwembamba usiozidi upana wa kidole, ambao haukuwahi kuona jua tangu siku pikipiki ilipofungwa.

Kila mahali pana udhaifu wake. Upande wa chini wa tangi ulipata rangi kidogo kiwandani, na mara nyingine kilichopo ni praima, yaani rangi ya msingi, yenye ukungu wa rangi uliopeperuka tu. Ndani ya taa ya mbele hukuta nyeusi hata kama nje palikuwa na rangi nyingine. Tena rangi za mafuta zikikaa gizani miaka mingi huelekea kuwa za manjano, wakati zile zilizokaa juani hupauka. Kwa sababu hiyo sampuli moja haitoshi. Chukua tatu au zaidi, kutoka sehemu tofauti, na ukumbuke kwamba ukweli huenda ukawa katikati ya ile ya gizani na ile ya juani.

Wala usidhani kwamba kila fremu ilikuwa nyeusi. Ni kweli kwamba nyeusi iliyookwa kwenye tanuri ndiyo iliyotawala, lakini Triumph Speed Twin iliyotangazwa mwaka 1937 ilipakwa rangi iliyoitwa Amaranth Red, ambayo sisi tungeiita damu ya mzee, na rangi hiyo ilifika hadi kwenye fremu na fokopu. Bantam D1 ilipotoka mwaka 1948, ikiwa imejengwa juu ya michoro ya kampuni ya Kijerumani ya DKW iliyochukuliwa baada ya vita, ilikuwa ya kijani hafifu kilichoitwa Mist Green kutoka fremu hadi madigadi, na ubavuni mwa tangi palikuwa na paneli za rangi ya pembe za ndovu. Nimeona zaidi ya moja iliyotengenezwa upya kwa fremu nyeusi kwa sababu fundi alifuata mazoea.

Kufungua dirisha

Ukishapata sehemu inayoahidi, fungua kile ninachokiita dirisha. Chukua msasa namba 800 wa maji, uloweshe, usugue duara dogo lenye upana wa sarafu, ukisogea nje kidogo kidogo ili katikati paende chini zaidi kuliko pembezoni. Endelea na namba 1200, malizia na 2000. Kila tabaka litaonekana kama pete, mfano wa pete za gogo lililokatwa, na ukipitisha kitambaa chenye polishi ya kusugulia rangi, pete zote zitang'aa na kuonyesha rangi zake. Sugua kwa maji siku zote, vaa barakoa, na usiache watoto wakaribie, kwa kuwa rangi nyingi za wakati ule zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Sasa zisome pete. Kwenye Bantam ya Mpwapwa nilikuta buluu ya milango juu, yenye alama za brashi. Chini yake nyekundu nyembamba iliyopulizwa. Kisha kijani hafifu, kigumu na laini. Halafu praima na chuma. Ili kujua ni tabaka lipi la kiwandani, lowesha pamba kwa tina na uiguse kila pete kwa muda mfupi. Rangi ya selulosi, ambayo mafundi wa barabarani waliitumia kwa miaka mingi, huyeyuka mara moja na kupaka pamba. Rangi ya mafuta ya nyumba hulainika na kujikunja baada ya muda. Rangi iliyookwa kiwandani kwa kawaida haitikisiki. Jaribio hili si la mwisho, kwa sababu viwanda navyo vilitumia selulosi kwa baadhi ya rangi za tangi, lakini likikubaliana na mpangilio wa pete na msimu wa namba zako, unaweza kuliamini.

Pikipiki zilizotoka jeshini zinahitaji uamuzi wa ziada. BSA M20 na Matchless G3L zilitengenezwa kwa makumi ya maelfu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita nyingi ziliuzwa kwa raia zikiwa zimepakwa upya, mara nyingi nyeusi. Chini ya nyeusi hiyo unaweza kukuta kahawia iliyoitwa SCC 2, iliyoanza kutumika mwaka 1941, au kijani cha zeituni cha SCC 15 cha kuanzia 1944, au hata vyote viwili. Je, ipi ni ya asili? Kwa maoni yangu, rangi ya kiwandani ni ile iliyoligusa chuma kwanza, lakini kama pikipiki iliingia Tanganyika ikiwa nyeusi na ikafanya kazi hapa miaka thelathini ikiwa hivyo, mwenye kuirudisha kwenye nyeusi hajakosea, mradi aandike alichokikuta chini.

Rangi za miaka ya 1960 zina ugumu mwingine, na ndizo zinazowashinda wengi. Ukiona kwamba chini ya nyekundu au kijani kuna tabaka la fedha au la dhahabu, na kwamba rangi ya juu inapitisha mwanga kama kioo chenye rangi, basi hiyo ni rangi ya kung'aa ya matabaka mawili, ambayo Waingereza waliiita flamboyant. Mwonekano wake hutokana na tabaka la chini pamoja na idadi ya mikono ya rangi ya juu, na sehemu iliyopauka inaweza kuonekana ya chungwa wakati ilianza ikiwa nyekundu iliyoiva. Hapa hakuna kopo moja litakalokupa jibu. Lazima upige vibao vya majaribio, kimoja mikono miwili, kingine mitatu, kingine minne, mpaka kimoja kifanane na kile kilichofichwa chini ya nembo.

Majina na karatasi

Baada ya chuma ndipo uende kwenye karatasi. Katalogi za kiwanda zina maandishi yanayotaja majina ya rangi na sehemu zilizopakwa, na maandishi hayo ni ya kuaminika kuliko picha zake, ambazo nyingi zilitiwa rangi kwa mkono au zilichapwa kwa wino uliobadilika kwa miaka. Jina nalo si rangi. Mist Green inakuambia kwamba ni kijani hafifu. Haikuambii ni hafifu kiasi gani, na watu wawili wakiisoma watachanganya makopo mawili tofauti. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe, ambazo huenda familia ya mwenye pikipiki bado inazo kwenye albamu, hazitakupa rangi, lakini zinaonyesha vizuri mahali rangi mbili zilipokutana, mistari ilipopita na sehemu zipi zilikuwa na kromu.

Kromu ni sehemu ya suala hili. Mwaka 1952, kutokana na uhaba wa nikeli wakati wa vita vya Korea, viwanda vya Uingereza vilipunguza kromu kwenye matangi na rimu na kuweka rangi badala yake. Mwenye pikipiki ya msimu huo anayeweka kromu nyingi kwa kuiga ya msimu wa 1950 atakuwa ametengeneza kitu kinachovutia lakini kisichowahi kutoka kiwandani.

Vitabu vya kiwandani vilivyoandika kila pikipiki ilipotoka bado vipo kwa aina kadhaa. Klabu ya Uingereza iitwayo Vintage Motor Cycle Club, iliyoanzishwa mwaka 1946, inatunza kumbukumbu za namna hiyo katika maktaba yake, na klabu za wamiliki wa BSA, Triumph, Norton, Velocette na nyinginezo zina watu waliotumia maisha yao kwa aina moja tu. Ukiwaandikia, watumie namba zote mbili, picha za madirisha yako na maelezo ya wapi umezichukua, na uulize swali moja lililo wazi. Usiombe "rangi sahihi" tu. Uliza kama pikipiki yenye namba hizo iliandikwa imepelekwa wapi, tarehe gani, na kwa rangi gani. Na kama kadi ya zamani ya pikipiki ipo, isome kwa makini kabla hujaikunja tena.

Jihadhari na majedwali ya kubadilisha rangi za kiwanda kuwa namba za RAL, mfumo wa Kijerumani wa kuzipa rangi namba. Rangi za jeshi na za serikali zilikuwa na viwango vya Uingereza, kama BS 381C ambamo kila rangi ina namba ya tarakimu tatu, na hizo unaweza kuziagiza kwa namba. Rangi za pikipiki za raia zilichanganywa na watengenezaji rangi kwa ajili ya kiwanda kimoja, nje ya viwango hivyo, na namba ya RAL iliyo karibu nayo ni jirani yake tu.

Kuichanganya na kuilinganisha

Dukani peleka kitu chenyewe, yaani kifuniko cha boksi la vifaa au kipande kingine kinachobebeka, kwa kuwa picha ya simu hubadilisha rangi. Maduka ya rangi za magari yenye mashine ya kusoma rangi hutaka sehemu bapa, safi na iliyong'arishwa. Vumbi letu jekundu likibaki juu yake, mashine itaongeza wekundu ambao haukuwahi kuwapo. Chukua matokeo ya mashine kama mwanzo wa kazi. Mwombe mchanganyaji akupe kiasi kidogo, kipulize kwenye kibao cha bati chenye praima ileile utakayotumia kwenye tangi, na ukiache kikauke kwa siku kadhaa kabla hujakihukumu.

Kilinganishe kivulini, nje, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, sampuli na kibao vikigusana pasipo nafasi katikati. Kisha virudie chini ya taa ya dukani na tena jioni. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine, na bora zifanane kwenye mwanga wa mchana, ambako pikipiki itaonekana. Kwa Bantam nilichanganyiwa mara nne. Ya kwanza ilikuwa na buluu kupita kiasi, ya pili na ya tatu zilikuwa nzito, na ya nne ilipowekwa kando ya mstari wa chini ya honi, mwanafunzi wa fundi aliulizwa auonyeshe mpaka ulipo na hakuweza.

Ukiridhika, nunua rangi yote kwa mkupuo mmoja, ikiwemo ya kurekebishia baadaye, na uandikiwe fomula kwenye karatasi. Mistari ya tangi na nafasi za nembo zinakiliwe kwa karatasi ya kupitisha mwanga kabla rangi ya zamani haijaondolewa, pamoja na vipimo vyake kutoka kwenye mshono wa tangi. Kwa fremu, naishauri rangi ya kupuliza kuliko ya unga, kwa sababu ya unga ni nene, hujaza namba zilizogongwa na kuziba kingo ambazo kiwanda kiliziacha wazi. Kama utatumia rangi ya viungo viwili yenye kigumishi, barakoa ya kitambaa haitoshi. Fundi anahitaji kinyago kinacholetewa hewa safi kutoka nje. Pulizeni alfajiri, kabla upepo haujaamka, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Na rangi ikiwa tofauti na iliyoandikwa kwenye kadi ya sasa, taarifu TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili kadi ibadilishwe.

Kitu kimoja kisipakwe. Acha dirisha moja la rangi ya asili, mahali pasipoonekana, ulifunike kwa vanishi isiyo na rangi. Kwenye Bantam yangu liko upande wa chini wa tangi, nyuma ya bomba la mafuta, buluu, nyekundu na kijani zikiwa bado zimezungukana, na pembeni yake nimebandika karatasi ndogo yenye fomula, tarehe na jina la kijiji.